Jani Lisilo na Sampuli

Mama Rangi hakuwa mtu wa kupokea kazi kichwakichwa. Ukitaka akuchoree kiatu kwenye bango la duka, ulete kiatu. Ukitaka kuku, ulete kuku, naye atakuuliza anataga au hatagi. Kuuliza ndiyo ilikuwa pumzi yake. Jambo moja tu hakuliulizia: habari za kitindamimba wake, aliyefungwa kwa kukutwa na msokoto wa bangi. Tangu hukumu isomwe hakukanyaga gerezani kwa kuwaonea majirani aibu, na binti yake, muuguzi, alikuwa amembembeleza aende mpaka mate yakamkauka.

Sasa binti huyohuyo alimletea kitambaa cheupe amchoree bango la maandamano ya kudai bangi ihalalishwe.

"We hata soda ikizidi gesi unalalamika," Mama Rangi alisema huku akikoroga rangi ya kijani. "Bangi inakuhusu nini?"

"Mama, wodini kwetu walevi wa pombe halali tunawashona kila wikendi. Hakuna anayewafunga."

"Na wanaorukwa na akili kwa bangi?"

"Wapo. Ndiyo maana tunataka iuzwe kwa leseni, watoto wasiuziwe, anayeugua atibiwe. Mgonjwa unamfungia jela apone nini?"

Mama Rangi akaguna. Jibu lilimkera kwa kuwa hakuona pa kulipinga.

"Haya, leta sampuli ya jani."

"Nikiileta, mimi na wewe tutalala ndani."

Basi akachora kwa kubahatisha. Aliwahi kusikia kwamba jani lenyewe lina vidole. Akalichora kubwa, na mishipa yake yote, akarudi nyuma kulitazama akiwa ameridhika kabisa. Binti alipokuja na wenzake kulichukua bango, mmoja wao akaziba mdomo. Mwingine alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama," binti alisema taratibu, "huu ni muhogo."

"Muhogo?"

"Muhogo mtupu! Watu watadhani tunadai mbolea."

Mama Rangi naye akacheka, tena kuwashinda wote. Halafu akaacha kucheka. Aliinama akalitazama tena lile jani. Kitu alichokichukia hadi akamsusa mwanawe, kumbe kingewekwa mezani pake angekichambua akidhani ni mboga. Hakukijua hata sura. Na mtoto je? Alianza lini kuvuta? Alikuwa na lipi moyoni? Huko aliko analala juu ya nini? Aibu ikampanda, na safari hii haikuwa ile ya kuwaogopa majirani. Yeye anayemhoji mtu na kuku wake hakumuuliza mwanawe hata neno.

Akaweka brashi chini.

"Siku ya kuwaona wafungwa ni lini?"

Binti na wenzake walikuwa bado wanacheka. Ilibidi aulize mara ya pili.