Kisiwa Kilichokwanguliwa kwa Wembe

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, katika ofisi ya ramani, ghorofa ya tatu, wachoraji hugawiwa wembe, nusu kwa kila mmoja, wakwangue mavi ya inzi kabla Mkurugenzi hajatia saini. Inzi wa ofisi ile hupenda ramani za bahari, maana zina nafasi. Mchoraji mkuu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Miaka kumi na tisa alikwangua bila kutoboa karatasi hata mara moja, na alijisifu kwa jambo hilo hata misibani.

Bahari yenyewe hakuwahi kuingia. Ila visiwa vya mbali, vyote arobaini, alivijua, kwa maneno yake, kama kiganja cha mkono wake. Mkewe alishazisikia habari za kiganja hicho zikamtosha. Mumewe alipopewa likizo ya lazima akaanza kuzunguka sebuleni akinyoosha picha za ukutani, mama huyo alikwenda kwa kaka yake, akaazima hema na kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja.

"Si unavijua? Basi nenda ukavisalimie, baba watoto," alimwambia. "Mchele nimekufungia wa siku kumi. Usirudi siku ya tano."

Akaenda peke yake, ramani magotini ndani ya mfuko wa nailoni. Siku mbili za kwanza alijiona mfalme. Kila kisiwa kilikuwa pale pale alipokichora. Alishuka, akapiga kambi, akachemsha wali wake ukaungua, akatia alama ya vema. Pale ufuko ulipopinda kuliko alivyouchora, aliandika pembeni kwamba ufuko umekosea.

Siku ya tatu asubuhi alikuta kisiwa kisichokuwepo. Kilikuwa na nyumba kumi na moja, mbuzi, kamba za kuanikia nguo na watu sitini na mmoja. Alikizunguka mara mbili kwa hasira. Mwanamke mzee, mkunga wa pale, aliingia majini hadi magotini akaishika kayaki kwenye ncha.

"Shikamoo, mama," alisema mchoraji.

"Marahaba. Wewe ni mtu wa ramani."

"Nani kakwambia?"

"Unatuangalia kama tumekalia kiti chako."

Mkunga hakupandisha sauti. Alieleza kwamba kwa miaka sita boti ya zahanati ilikuwa ikiwapita. Nahodha hufuata ramani, na ramani ikisema maji, yeye hasimami. Mara moja ilipita karibu kiasi kwamba walikiona kikombe cha chai mkononi mwa muuguzi. Waliwapungia mikono, nao wa kwenye boti wakapunga, watu waungwana. Wanawake wawili walishafia uzazini. Sasa ilikuwa zamu ya binti yake, kitinda mimba wake, amebakiza majuma matano.

"Sitaki makubwa, mwanangu. Turudishieni nukta yetu."

Mchoraji aliikumbuka Ijumaa ile ya miaka sita nyuma. Aliikumbuka nukta, akaukumbuka na wembe, na jinsi alivyoinyanyua karatasi kwenye mwanga akajipongeza. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Lakini mdomo wake ulikuwa mwajiriwa wa serikali, ukajibu wenyewe: "Nitalifikisha ngazi za juu."

"Ngazi hizo zina utelezi," alisema mkunga. "Safari hii tutakusindikiza."

Alidhani ni maneno tu. Adhuhuri alipogeuka, kisiwa kilikuwa nyuma yake, umbali wa kutupa jiwe, kikija taratibu kama ng'ombe anayeijua njia ya zizini. Mbuzi walikuwa wakila. Alipoongeza kasi, nacho kiliongeza. Alipopiga kambi, kilisimama kando kikasubiri, na mkunga akatuma watu kumwomba chumvi. Wavuvi walikipisha bila neno. Mchoraji alimwomba Mungu kimoja tu, asikutane na mtu wa ofisini.

Bandarini, ofisa wa zamu alitafuta fomu ya kisiwa, hakuipata, akajaza ya tishari la mizigo, watu sitini na mmoja ndani. Kikaegeshwa mbele ya ofisi ya ramani, ambako minazi yake ilitia kivuli ghorofa ya tatu. Juma la kwanza watu walikuja kupiga picha. Juma la pili walilalamikia jogoo. Wakazi wake hawakuruhusiwa kushuka, kwani kibali cha kushuka kina mstari wa mahali utokako, na mlinzi wa geti huuhakiki kwenye ramani. Daktari naye hakuruhusiwa kwenda mahali ambapo ni maji. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Mchoraji aliichora nukta kwa wino bora kuliko wote. Ijumaa ya mwisho wa mwezi akampelekea Mkurugenzi.

"Hiki nini?"

"Kisiwa, mheshimiwa. Kile pale dirishani."

Mkurugenzi alitazama dirishani. Mkunga alikuwa akianika nguo, na binti yake ameketi kizingitini, tumbo limemfika magotini. Mkunga alimpungia, naye Mkurugenzi akajibu kwa kichwa, kisha akarudi kwenye karatasi.

"Ramani hii nimeitia saini miaka sita bila nukta. Unataka kusema miaka sita nilisaini kosa?"

Mchoraji alikuwa na watoto wanne na miaka mitatu kabla ya kustaafu.

"Inzi hawa," alisema Mkurugenzi kwa upole, akamsogezea nusu ya wembe.

Akakwangua. Karatasi haikutoboka.

Binti alishikwa na uchungu Jumanne, saa nne asubuhi, saa ya chai. Ghorofa ya tatu nzima ilimsikia. Muuguzi alivuka barabara na mkoba wake hadi getini, akaonyeshwa ramani, akarudi. Saa saba mtoto alilia, na kabla hajanyamaza, wanawake wakaanza kulia naye. Kisiwa kikabaki na watu sitini na mmoja, kama kilivyokuja, kwa hiyo fomu ya tishari haikuhitaji marekebisho.

Mkunga alitoka nje na kitoto kifuani, akasimama akitazama juu, akimtafuta mtu wake dirisha kwa dirisha. Mchoraji mkuu aliinuka akalifunga la kwake, maana inzi walikuwa wanaingia.