Masikio ya Kiyoyozi

Mkamwana alipanda juu ya kiti cha plastiki chumbani kwa mama mkwe wake, akafungua kifuniko cha kiyoyozi, akatoa chujio. Lilikuwa jeusi kwa ukungu. Nyuma yake, kwenye mapezi ya bati yaliyolowa, yalikuwa yameota masikio manne. Yalikuwa laini, ya kijivu, na yote yameelekea kitandani.

“Mama, hiki kitu kina masikio.”

“Najua,” mama mkwe alijibu, akakohoa. “Lile la kushoto kabisa ndilo linalosikia vizuri. Usiliguse.”

Kilichompandisha mkamwana kitini ni harufu, si masikio. Alikuwa amepulizia manukato mpaka chupa ikaisha, lakini la kuvunda halina ubani. Kikohozi cha mama mkwe nacho kilikuwa kimeshuka kifuani, kikawa kinasikika mpaka sebuleni, na mume wa mkamwana hakupenda wageni wake wakisikie. Kwa hiyo mlango wa chumba ulifungwa kutwa. Mumewe alidai ukiachwa wazi baridi inatoka. Kila mtu mle ndani alijua kinachozuiwa kutoka si baridi.

Fundi alipokuja aliyatazama masikio, akasema ni machache, ameshaona nyumba ambayo yalijaa mpaka feni ikakwama. Kisha akazunguka nje, akaingiza koleo kwenye bomba la kutolea maji, akavuta fulana kuukuu iliyooza.

“Nani aliziba hapa?”

“Mimi,” alisema mume. “Lilikuwa linanidondoshea maji kwenye gari.”

Fundi hakumlaumu. Maji yakikosa njia hukaa ndani, alisema, na ukungu haukatai makao ya bure. Bomba lirefushwe. Chujio lioshwe kila mwezi na likauke vizuri kabla ya kurudishwa. Na kabla ya kuzima mashine, feni iachwe izunguke peke yake mpaka ndani pakauke.

“Ila masikio hayaoti kwa maji peke yake,” aliongeza, akifunga begi lake. “Yanaota pale mtu anapoongea kutwa na mlango umefungwa. Nikiyakata yatarudi, na ukungu wake juu. Kaeni naye tu, yatadondoka yenyewe. Kifua cha mama hakiwezi kusubiri sana.”

“Bomba nitarefusha,” mume alisema.

“Na kukaa naye?”

“Tutaona.”

Katika nyumba ile, tutaona ilimaanisha hapana.

Bomba lilirefushwa, gari likasalimika. Mkamwana aliosha chujio bila kukosa na feni ikaachwa izunguke. Masikio matatu yalinyauka. La kushoto lilinenepa, ukungu ukalizunguka kama mkeka, na kikohozi kikabaki palepale. Mkamwana alimpenda mama mkwe wake na jambo hili lilimuuma. Mara nyingi alishika kitasa cha mlango akitaka kuingia. Alimsikia bibi kizee akilisimulia sikio jinsi mwanawe alivyokuwa akiogopa mvua utotoni, akicheka mwenyewe, naye akakiachia kitasa. Ana mwenzake, alijiambia, akarudi kwenye sufuria zake.

Kisha mimba yake ikatoka. Hakuwa amemwambia mtu kwamba ipo, sasa hakujua amwambie nani kwamba haipo. Mumewe alikuwa sebuleni na wageni. Mkamwana aliingia chumbani kwa mama mkwe, akafunga mlango nyuma yake.

Mama mkwe alimwangalia usoni mara moja tu, akaelewa kuna msiba. Alisogea ukutani, akapapasa nafasi kitandani.

“Njoo, mwanangu.”

Mkamwana alipita kitanda. Alipanda juu ya kile kiti cha plastiki, akafungua kifuniko cha kiyoyozi na kutoa chujio, akaweka mdomo karibu na sikio la kushoto, akaanza kusema taratibu. Sikio lilijigeuza kumwelekea. Mama mkwe alibaki na mkono juu ya ile nafasi, akiziba mdomo kwa upande wa kanga ili kikohozi kisiwakatize.