Mwendo wa Punda

Kazini walimwita Fundi Miguu, kwa sababu chochote kilichotembea katika gemu zao kilipita kwanza mikononi mwake. Wengine walichora sura, wengine walijenga kuta na kuweka taa. Yeye alikaa na kompyuta yake karibu na dirisha, akiwafundisha wanyama wa mashine kunyanyua goti, kugeuza shingo na kusita. Kusita ndiko kulikompa jina. Bosi wake alikuwa akisema kwamba kumfanya mnyama akimbie anaweza yeyote, lakini kumfanya asimame mlangoni mpaka anayecheza aogope kupumua, hapo mwiteni Fundi Miguu.

Gemu iliyowapa riziki iliitwa Duka la Viatu, na ilikuwa imefika sehemu ya tatu. Hadithi yake si ndefu. Kuna duka kubwa la viatu vya watoto lililofungwa zamani. Enzi zake, wanyama wa mashine waliwapokea watoto na kuwabembeleza wasilie wakipimwa: Kanga alifungua mlango, Kiboko alibeba maboksi, na Punda alipiga magoti na kusema, "Leta mguu nikupime." Duka likafungwa, umeme ukakatwa, ila wanyama hawakuambiwa. Anayecheza ni karani aliyetumwa kuhesabu mali iliyobaki. Yeye anahesabu, wao wanamtafuta wampime.

Katika sehemu za mwanzo Punda alikaa tu nyuma ya kaunta. Katika ya tatu walikata shauri atembee kwa miguu miwili kama mtu, na hapo Fundi Miguu akapata shida. Punda akitembea sawasawa alichekesha. Akichechemea ovyo alionekana kitu kibovu, na kitu kibovu hakimtishi mtu. Mwishowe akafanya wanavyofanya watu wa kazi ile: akaegesha simu juu ya kabati, akatembea mwenyewe koridoni huku akijirekodi. Alikwenda na kurudi mpaka mfagizi akamuuliza kama anaumwa. Kisha mwili wake ukapata kitu. Bega la kushoto lilipanda kwanza, kama la mtu anayetaka kuuliza swali, nyonga ikafuata, mguu ukaja mwisho ukiburura ncha ya kiatu, na kabla haujatua ukasita hewani kidogo, kana kwamba sakafu imehama. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekunja gumba ndani.

Akauhamishia mwendo ule kwa Punda, kiungo kwa kiungo. Mtu wa sauti akauongezea mkwaruzo kwa kuburura sepetu juu ya saruji. Bosi alipoonyeshwa alisema, "Basi. Usiguse tena."

Gemu ikatoka, ikavuma. Watu walijirekodi wakiicheza na kupiga mayowe, na wengine wakatazama mayowe hayo kuliko walivyocheza gemu yenyewe. Watoto ambao hata hawakuruhusiwa kuigusa waliujua mwendo wa Punda. Fundi Miguu aliyasikia haya yote kama mtu anavyosikia habari za mvua ya mji mwingine. Alikuwa ameshaanza kazi ya sehemu ya nne.

Baba yake aliishi ng'ambo ya pili ya mji, pamoja na mdogo wake Fundi Miguu, msusi ambaye chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa saluni yake. Mtaa mzima ulimwita mzee huyo Refa. Alichezesha mpira ujana wake wote na sehemu kubwa ya uzee, akikimbia kinyumenyume bila kujikwaa, mpaka kiharusi kilipomwangusha bafuni na kumwachia upande wa kushoto usiomsikiliza. Alijifunza kutembea upya kwa kusukuma kiti cha jikoni mbele yake. Alipokiacha kiti, akaanza kutoka: polepole, asubuhi, mpaka kwenye benchi la kinyozi, akae, abishane na watu habari za penalti za zamani, arudi. Siku za mazoezi alikwenda kliniki.

Halafu akaacha. Hakwenda kwa kinyozi, hakwenda kliniki. Msusi alipomuuliza, alijibu, "Nimechoka tu, mama," na kugeukia redio. Msusi alidhani ni uzee, akamwacha.

Jibu lilikuja na mteja. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti anasukwa, simu mkononi, mara akacheka. "Hebu tazama huyu mnyama," akasema. "Haki ya Mungu, anatembea kama mzee wenu." Halafu akasikia alichokisema.

Msusi aliinama na kitana mkononi. Kwenye kioo cha simu, Punda mwenye macho ya taa alikuwa akishuka kati ya rafu za viatu. Bega, nyonga, mguu, kusita. Msusi alimaliza kichwa cha mteja wake. Mteja alipoondoka, alifunga mlango wa saluni akampigia dada yake.

"Dada, yule Punda wenu nani alimtembeza?"

"Mimi. Kwani vipi?"

"Unajua kuwa watoto wa huku wanamfuata baba barabarani wakitembea hivyo? Nilikuwa nawaona. Nilidhani ni michezo yao."

"Si ni michezo yao kweli? Gemu imevuma, wanaiga."

"Wao wanaiga Punda. Baba hajui habari za Punda. Anachojua ni kwamba akitoka, kuna watoto nyuma yake wanachechemea."

Msusi aliendelea, sasa kwa sauti ya chini.

"Na mkono, dada. Mpaka mkono umemwekea."

Alipokata simu, Fundi Miguu alifungua ile rekodi yake ya koridoni. Alikuwa tayari kula kiapo kwamba siku ile hakumfikiria baba yake hata kidogo. Alifikiria bawaba iliyopinda, chuma kilichoshika kutu. Aliitazama mara moja tu. Aliyekuwa akitembea kwenye rekodi ni yeye, na sketi yake, na viatu vyake. Lakini ni baba yake.

Mwisho wa wiki alikwenda nyumbani. Refa alikuwa sebuleni, mguu juu ya kigoda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda."

"Kazi."

"Hiyo kazi ya katuni?"

Aliona heri aseme kabla chai haijaletwa, maana baada ya chai angepata visingizio. Akamweleza: duka, wanyama, karani anayehesabu, Punda. Akamweleza kwamba watoto wa mtaani walikuwa wakimwiga Punda, si yeye, na kwamba Punda ndiye aliyemwiga yeye. Akafungua kompyuta yake na kuiweka juu ya stuli. Msusi alisimama mlangoni, kitambaa cha saluni begani.

Refa alitazama bila kupepesa macho. Punda alishuka kati ya rafu.

"Anamfukuza nani?"

"Karani."

"Anamkamata?"

"Mara nyingi."

"Kwa mwendo huo?"

"Karani anaogopa, baba. Akiogopa anakosea mlango."

Refa alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa sheria mpya ya mchezo na kuiona ina mantiki. Akatazama tena kidogo. Kisha akasema, "Zima."

Akazima. Mzee alikaa akiutazama mkono wake wa kushoto, akavinyoosha vidole kimoja kimoja kwa kutumia mkono wa kulia.

"Tangu nimeugua," alisema, "umekuja hapa, umeniletea dawa, umenilipia kliniki. Hata siku moja hujaniuliza mguu huu unajisikiaje. Nikasema, sawa, pengine anaona vibaya, pengine hataki kunitia aibu. Kumbe ulikuwa unautazama."

"Sikujua kama nautazama."

"Umeutazama kuliko daktari."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. Fundi Miguu alisema samahani, na baba yake akasema yameisha, kwa namna ile ya wazazi ambayo haimalizi kitu. Msusi akaleta chai. Walikunywa wakizungumzia bei ya saruji na jirani aliyeanza kujenga.

Siku ya kwanza ya kazi wiki iliyofuata alikwenda kwa bosi. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Pole kwa mzee," alisema. "Lakini hicho unachoniomba hakiwezekani. Sehemu ya nne nzima imesimama juu ya Punda. Mabango yameshachapwa. Nikimpa mwendo mwingine, watu watasema si yeye."

"Si yeye kweli."

"Nakuelewa. Na wewe nielewe."

Aliomba angalau aondolewe kwa Punda. Hilo bosi alilikubali, na tangu siku hiyo Fundi Miguu akafanya milango: jinsi inavyojifunga, inavyokwama, jinsi pazia linavyotikisika wakati hakuna upepo. Punda akapewa kijana mmoja mwenye kipaji ambaye hakubadilisha chochote, ila alifanya kusita kuwe kurefu kidogo. Kijana alimwita Fundi Miguu aone. Alitazama, akasema ni kazi nzuri, na ilikuwa kazi nzuri.

Kilichofuata Fundi Miguu alisimuliwa na Refa mwenyewe kwa simu, na msusi akakithibitisha baadaye.

Refa alikuwa ameamka asubuhi, akanyolewa ndevu na binti yake, akavaa kofia na kutoka. Hakumwambia mtu aendako. Alipofika karibu na kona watoto walikuwapo, na mmoja akaanza, wengine wakaunga mkia. Safari hii mzee aligeuka.

"Mnacheza nini?"

Wakatazamana. Binti mmoja mwenye sare ya shule ndiye aliyejibu. "Tunacheza Punda, babu."

"Yule wa duka la viatu?"

Walishangaa mzee mzima anamjua.

"Yule Punda," Refa alisema, "mwendo wake ameuchukua kwangu. Mwanangu ndiye aliyempa."

Hawakuamini hata kidogo. Mmoja alisema kila mtu anajua gemu inatengenezwa mbali. Binti wa sare, ambaye alionekana mtu wa kutaka ushahidi, alimwambia, "Basi tembea tuone."

Refa akawapa mgongo, akaenda hatua kadhaa, akageuka, akarudi kuelekea kwao. Hakuongeza kitu. Alitembea tu, bega, nyonga, mguu, ncha ya kiatu ikikwaruza changarawe. Watoto wakubwa walirudi nyuma. Mdogo kuliko wote alipiga ukelele, akatimua mbio mpaka kwao, na mama yake akatoka na mwiko mkononi kuuliza nani amemtisha mwanawe.

"Nikamwambia ni mimi," Refa alisema kwenye simu. "Akaniuliza nimemfanya nini mtoto. Nikamwambia nimetembea."

Halafu akatoa sauti. Fundi Miguu aliibana simu sikioni asijue ni kicheko au kikohozi.

"Baba, uko sawa?"

"Niko kwa kinyozi. Hawa hapa wanasema ile penalti ilikuwa halali. Ngoja niwajibu kwanza."

Si kwamba mambo yalinyooka. Jina la Punda lilimganda. Baadhi ya watoto walianza kumsalimia, "Shikamoo babu Punda," kwa heshima zote, na hakulipenda. Alikuwa Refa maisha yake yote na aliona amepokonywa cheo. Wengine walivuka barabara wakimwona. Yule mdogo hakumkaribia tena, na mama yake aliitikia salamu za mzee kwa midomo tu. Sehemu ya nne ilipotoka ilivuma kuliko ya tatu, na kwenye bango kubwa karibu na kituo cha mabasi Punda alikuwa amenyanyua bega la kushoto. Refa alipita chini ya bango hilo kila alipokwenda kliniki.

Fundi Miguu alikuwa ameanza kumpeleka mwenyewe. Mara ya kwanza alimuuliza njiani, bila kumtazama, "Mguu unajisikiaje?"

Mzee alifikiri mwendo wa nyumba kadhaa.

"Si kwamba unauma," alisema. "Ni kama mguu wa mtu aliyelala. Nauamsha, unaamka nusu, unaniuliza tunakwenda wapi. Nikishaueleza, unakuja."

"Ndiyo maana unasita."

"Ndiyo maana nasita. Nangoja unielewe."

Kliniki ilikuwa na ngazi chache mbele, na ndani koridoni benchi refu ambalo siku zote lilijaa. Refa alishika chuma cha ngazi akapumua.

"Tangulia ukaniwekee nafasi," alimwambia. "Nikikaa mwisho wa benchi naangukia upande."

Akatangulia. Alipata pengo katikati, kati ya mama mmoja mwenye kijana aliyefungwa plasta na mzee mwenye fimbo, akakaa na kuweka mkoba wake pembeni kuishika nafasi. Baada ya muda mkwaruzo ukasikika kutoka mlangoni, kwenye sakafu ya saruji, ukaja, ukasita, ukaja. Kijana wa plasta alinyanyua kichwa haraka, akatoa macho. Fundi Miguu aliuondoa mkoba, akasogea.