Nyayo Mbele ya Gari

Binti alipiga magoti kando ya gari, akatoa upepo wa matairi moja baada ya jingine mpaka yakalegea kama mashavu ya mzee. Tairi gumu huzama mchangani, tairi legevu huelea. Baba yake ndiye aliyemfundisha.

Baba huyo alikuwa mtangulizi wa misafara ya jangwani. Kazi yake ilikuwa kushuka, kutembea mbele ya magari na kupapasa kwa miguu palipo na mchanga mgumu. Mwaka jana alishuka, upepo ukavuma, magari yakageuza bila yeye. Karani wa lango huhesabu magari, hahesabu watu. Yalitoka tisa, yakarudi tisa, akaandika "Wote wamerudi." Hakuna aliyetumwa kumtafuta.

Sasa Binti alikuwa na leseni, na mjomba wake fundi alimpa gari lake la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mjomba alifunga mapipa mawili ya maji, kisha akaweka mto kwenye kiti cha nyuma, wa mtu mchovu kuegemea.

"Mpwa wangu, mbona unashika usukani kama unamkaba mwizi? Legeza!"

"Nikilegeza tutapinduka, mjomba!"

"Pinduka tu. Nimekuja na spana."

Gari lilipanda kilima cha kwanza likinguruma, likaning'inia kileleni, likateleza upande wa pili. Binti akapiga kelele za furaha. Baada ya kilima cha tatu njia ilikwisha, upepo ulikuwa umeifuta. Hapo nyayo zikaanza kujichapa mchangani mbele ya gari, mmoja, kisha mwingine, bila mtu juu yake. Wa kushoto ulikwenda upande kidogo.

"Huo mguu wa shemeji," alisema Mjomba, akimenya chungwa. "Ulivunjika mbele ya macho yangu. Mfuate, ila usimkanyage."

Binti alifuata, machozi na kicheko vikigombania uso mmoja. Penye mchanga mbaya nyayo zilisimama, zikapapasa, zikazunguka. Gari lilipozama, zilingoja mpaka wakamaliza kuchimba.

Saa nane mchana walifika kwenye mwamba. Baba alikuwa ameketi kivulini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kilima cha pili umechelewa kubadilisha gia." Akajinyoosha. "Nilizitanguliza nyayo. Miguu yenyewe ilikuwa imechoka."

Walirudi langoni jua likiwa bado juu. Karani alimpa Baba maji kwa mikono miwili, akamngoja anywe taratibu. Kisha akafungua daftari.

"Humu hakuna aliyepotea, mzee wangu. Nitaandikaje kwamba umepatikana?"

"Basi mwandike amekuja kunywa maji!" alisema Mjomba.

"Hakuna safu ya watu," karani alijibu kwa upole.

Baba alirudisha glasi. "Kule mwambani nimeacha wenzangu wawili, wa misafara ya zamani. Mmoja nyayo zake zimeanza kutangulia zenyewe. Mwingine bado namfundisha."

Binti alishika funguo za gari. "Twende lini?"

"Kesho asubuhi, mchanga ungali baridi."

Asubuhi gari lilipita langoni na watu watatu ndani. Karani aliwapungia mkono, akawatakia safari njema, akaandika: moja.