Ulimi wa Nadine Kessinger

Siku binti yake alipomficha ufunguo wa gari, Nadine Kessinger alimpigia simu mdogo wake Lowell, akamwambia aje na gari lake, tangi limejaa, na akifika asijitie kuuliza maswali.

Lowell alimkuta dada yake ameketi kwenye ngazi za mbele ya nyumba yake mjini Dayton, begi magotini, miguuni viatu vyeusi vya kazi. Viatu hivyo alisimama navyo miaka mingi katika jiko la shule ya msingi, akiwapikia watoto mia tatu kila siku. Nyuma yake alisimama Janelle, binti yake, kakumbatia katoni ya maziwa ya dawa.

"Mjomba, mwambie wewe, labda atakusikia. Daktari amesema ale vitu laini. Akipaliwa huko barabarani utafanya nini?"

"Nitampiga mgongoni."

"Mjomba, sitanii!"

"Miezi saba nakunywa hayo maji ya chokaa," Nadine alisema. Sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo tangu wamchome mionzi kuua uvimbe wa kooni. "Uvimbe umekwisha. Mimi sijakwisha. Nifungulie mlango wa gari, Lowell."

Mionzi iliondoka na uvimbe, ikaondoka na ladha pia. Kahawa, asali, pilipili, vyote kinywani mwa Nadine vilikuwa karatasi iliyoloweshwa. Daktari alimweleza kwamba huenda ladha ikarudi, huenda isirudi, avute subira tu. Lakini Nadine hakuumbwa kuvuta subira. Vyakula vya kopo na vya dukani alikwisha kuvijaribu, havikumwambia kitu. Akaamua kwenda kwenye miji ambayo watu wana chakula chao wenyewe, wanakipika kwa ukaidi vile vile walivyokipika bibi zao.

"Kama ladha haiji kwangu," alimwambia Lowell walipoiacha Dayton, "nitaifuata inakoishi."

Cincinnati waliletewa tambi zilizofunikwa mchuzi wa nyama ya kusaga wenye mdalasini, na juu yake jibini iliyokunwa, lundo zima. Nadine alitafuna polepole, macho kayafumba. Lowell alikuwa amesahau hata kushika uma wake.

"Vipi?"

"Kamba za viatu."

Kesho yake, kusini mwa Indiana, walipewa nyama ya nguruwe iliyopondwapondwa ikawa bapa, ikavingirishwa kwenye unga na kukaangwa, imeuzidi mkate wake upana mara mbili. Nadine aliusikia mkwaruzo wa ule ukoko masikioni. Ulimini hakusikia chochote. Lowell alimaliza sahani yake na ya dada yake.

"Dada, tukienda hivi wewe utapona, mimi nitakufa."

Nadine hakucheka. Garini aliyatazama mashamba ya mahindi mwendo mrefu, mpaka Lowell akauliza kwa upole kama wageuze warudi nyumbani.

"Geuza uone kama sitashuka nitembee kwa miguu."

Siku ya tatu walivuka mto wakaingia magharibi ya Kentucky, ambako kila kiangazi makanisa hufanya sherehe uwanjani na kuchoma kondoo, kondoo mkubwa hasa, wala si mwanakondoo. Walifika adhuhuri kwenye kanisa dogo kando ya barabara. Moshi ulitanda, watu wamejaa mezani. Mwanamke aliyekuwa akigawa chakula aliwakaribisha kwa bashasha.

"Kuku au nguruwe?"

"Kondoo," Nadine akasema.

"Kondoo mwaka huu hakuna, mama. Kamati imemwondoa. Vijana hawamtaki, wanasema ananuka."

"Lakini mimi nasikia harufu yake hapa hapa," Lowell akadakia.

Yule mwanamke aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akaelekeza kidevu nyuma ya banda la kuwekea viti.

Huko walimkuta mzee amekalia ndoo iliyopinduliwa, kando ya shimo lililojengewa kwa matofali. Juu ya waya, kondoo wawili walikuwa wakitona mafuta. Mzee huyo, Thurman Haycraft, alikuwa hapo tangu alfajiri, akiwapaka mchuzi mweusi wa siki kwa nyuzi za pamba zilizofungwa kwenye mpini.

"Mmetumwa na Mattingly?"

"Mattingly ndiye nani?"

"Mwenyekiti wa kamati. Kama amewatuma, mwambieni nimekuwa kiziwi."

"Hatukutumwa. Nimetoka Ohio kuja kula kondoo."

"Ohio!" Mzee alimtazama kwa huruma. "Masikini. Njoo ukae, bibie. Huko kwenu hata maji mnayaunguza mkiyachemsha."

Alimkatia kipande cha bega, pale palipoungua pembeni, akakimwagia mchuzi. Kabla Nadine hajakigusa, Kurt Mattingly mwenyewe alitokea, kofia mkononi, uso mwekundu kwa jua.

"Mzee Thurman, tulikubaliana."

"Mlikubaliana ninyi."

"Hakuna anayemtaka kondoo!"

"Na huyu ni kivuli?"

Wote watatu walimgeukia Nadine. Alitia nyama mdomoni. Karatasi. Akatafuna. Karatasi tena. Halafu, kwenye kingo za ulimi, kitu kikamchoma kama sindano. Alishtuka, akameza vibaya, akapaliwa. Lowell aliinua mkono kumpiga mgongoni, Nadine akamzuia kwa kiganja. Alivuta pumzi kwa pua, akameza mara ya pili, machozi yakimtiririka.

"Mama, nimwite mtu?" Mattingly aliuliza kwa hofu.

"Mwite anayekula kondoo."

"Dada, ni nini?"

"Uchachu," Nadine alisema. "Nasikia siki, Lowell. Nyama siisikii, chumvi siisikii. Siki naisikia." Akanyoosha sahani. "Ongeza, mzee."

Alipomaliza kipande cha pili alichukua upawa na kifuniko cha sufuria, akatoka mbele ya banda. Sauti ya kuita hakuwa nayo, kwa hiyo alipiga bati kama alivyokuwa akiwanyamazisha watoto mia tatu. Uwanja mzima ukageuka.

"Kondoo yuko huku nyuma!" alikwaruza. "Wahini kabla sijammaliza!"

Wazee ndio walioanza kuinuka, wengine na fimbo zao. Wakafuata wanawake wa makamo, sahani mkononi, wakijifanya wanakuja kutazama tu. Baada ya saa moja kondoo wa kwanza alikuwa mifupa. Mattingly hakula. Alisema kamati itakaa kulijadili jambo hili.

"Ikae," Thurman akajibu bila kuinua kichwa. "Makalio inayo."

Janelle alipiga simu wakiwa bado hapo. Nadine alimwambia alichokula. Kwanza ikaja kelele, kisha Janelle akavuta kamasi.

"Uchachu kweli, mama? Hujidanganyi?"

"Sijidanganyi."

"Basi rudi nyumbani, tafadhali. Nitakununulia siki hata pipa."

"Bado, mwanangu. Kuna watu Arkansas wanakaanga matango ya siki."

Lowell alishika tumbo lake, akaguna, akaenda kuleta gari.