Mkanda Nilioukataa

Mwaka sabini na nne nilikuwa kuruta katika kambi moja ya jeshi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Isaka. Bweni letu lilikuwa la vijana wa Kisukuma watupu, isipokuwa mimi Otmar, Msumbwa wa Ushirombo, na Ansgar, tuliyetoka naye parokia moja.

Ansgar aliangusha bunduki kwenye gwaride. Koplo akatugaragaza bweni zima kwenye tope jeusi la mbuga mpaka jua likazama. Tuliporudi, Jilala, kiongozi wa bweni, akavua mkanda wake.

"Kila mtu ampige kimoja. Hasira ziishe, tukale."

Ansgar akalala kifudifudi mwenyewe, hakushikwa. Mkanda ukapita mkono kwa mkono. Uliponifikia nikauweka kitandani.

"We Padri, unaubariki kwanza?" Mageni akanitania. Wakacheka.

"Simpigi. Mvua ilikuwa inanyesha, bunduki iliteleza."

"Basi huyu si wetu," Jilala akasema polepole, kama anatangaza msiba.

Sikujua uzito wa neno hilo. Kwao mtu akitengwa na kijiji hapewi moto, hachotewi maji, salamu yake haiitikiwi, mpaka ajirudi mbele ya watu. Vijana wale walilileta jambo hilo kambini kama lilivyo. Asubuhi nikawaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Kimya. Nikiketi na sahani yangu, benchi zima linahama. Nikiomba kiberiti, kinarudi mfukoni. Na Ansgar, mgongo bado umevimba, alikula katikati yao akichekeshwa na Mageni. Yeye alishalipa.

Nimezunguka sana tangu hapo, nimelala stesheni na machimboni, lakini upweke kama ule wa bweni lililojaa watu sijauona tena. Mvua zilikwisha, mtama ukavunwa, mimi naongea na buti zangu.

Siku moja Ansgar akanifuata kisimani.

"Otmar, Jilala anataka useme mbele yao kwamba nilistahili. Basi. Leo hii utakula nasi."

"Ulistahili?"

Akatazama nyuma. "Kwangu yamekwisha, ndugu yangu. Sema tu. Nikikuona pale peke yako, ugali haushuki."

"Kwa hiyo niseme ili wewe ushibe?"

"Ee," akasema. "Na wewe pia."

Nilitamani, Mungu anajua. Nilitamani hata mtu anitukane. Jioni nikasimama mbele yao, wakanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Mageni alishanisogezea nafasi kwenye benchi.

"Hakustahili," nikasema.

Mageni akasogea tena, akaijaza ile nafasi.

Mafunzo yalipokwisha, wao walipangiwa Mwanza, mimi Tabora. Pale Isaka treni yao ilitangulia. Waliimba, vichwa vimejaa madirishani. Ansgar akaniona nimeketi juu ya mizigo stesheni, akainua mkono. Jilala akageuka kumtazama. Ule mkono ukashuka, ukakuna shingo.

Mimi nikampungia hivyo hivyo, mpaka behewa la mwisho likapita.