Kumsindikiza Lornah Hadi Kisian

Sisi mafundi wa pikipiki wa Mamboleo tuna neno moja linalotusitiri: kutesti. Mteja akiuliza pikipiki yake iko wapi, anaambiwa fundi ameenda kutesti, kuijaribu barabarani. Kumbe fundi amepeleka watoto shule, au yuko harusini na tai shingoni. Wateja wenyewe wanajua, wanacheka, yanaisha. Mimi Wakhungu nimetesti pikipiki za watu miaka kumi na minne bila kuona haya.

Ya Lornah Achola ndiyo iliyonitia haya.

Lornah ni muuguzi, mwembamba, mwenye maswali mengi kuliko mtihani. Alitaka nimwandalie pikipiki ya kwenda Kigali kupitia Busia na Uganda, peke yake, likizo nzima ya mwezi mmoja. Nilimfanyia kazi ambayo hata adui yangu hawezi kuitia kasoro. Nilimwekea tangi kubwa, vyuma vya kukinga miguu, tairi zenye meno, na keria ya kubeba maboksi mawili ya bati. Kiti nilikiongeza sponji hadi kikawa kama cha mkurugenzi. Kila jioni alipita, akagusa kila kitu, akaandika kwenye daftari lake. Aliniita Fundi Mkubwa, nami nikavimba kichwa.

Alhamisi nikatesti. Nilikwenda Sondu kumletea mke wangu ndizi, mikungu mitatu juu ya ile keria mpya, nikijidanganya kwamba napima kama chuma kinahimili mzigo. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko, nilikuwa naongea kwa simu, sikuona bampu la barabarani. Nikaishia mtaroni. Ndizi zilipona kuliko mimi, lakini shoku za mbele, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu, zilikuwa zimepinda.

Shoku za aina ile huagizwa Nairobi, na zingechukua wiki nzima. Lornah alikuwa anaondoka Jumamosi. Ningemwambia nini, kwamba nilikuwa nabeba ndizi? Nikazifungua, nikazinyoosha kwa jeki, nikazipaka rangi nyeusi iliyong'aa kuliko ile ya mwanzo. Chuma kilichopinda kikanyooshwa si cha kuaminika. Kinaweza kukaa mwaka, kinaweza kukatika kesho kwenye shimo la kwanza. Nilikuwa najua hivyo na bado nikaendelea kupaka. Siku mbili niliisukuma sahani, mke wangu akadhani ndizi hazijaiva.

Jumamosi asubuhi walikuja kwenye karakana: Lornah, mama yake, na Pasta Laban wa kanisa lao, naye kwa pikipiki yake. Pasta alisema hakuna safari bila maombi.

"Fundi, weka mkono. Si wewe ndio umetengeneza?"

Niliweka mkono kwenye kiti, mbali kabisa na shoku. Pasta aliomba kwa Kijaluo na Kiswahili, akamshukuru Mungu kwa mikono yangu iliyo safi. Safi! Wote wakasema amina. Mama yake Lornah akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akishukuru.

"Ero kamano, Baba. Huyu ndio mtoto nimebaki naye."

"Usijali, Mama," nikamwambia. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu.

Lornah akanipa helmeti yake. "Fundi Mkubwa, kwetu mtu anasindikizwa. Wewe ndio utaendesha hii kitu mpaka Kisian, kwa njia panda ya Busia, mimi nibebwe na Pasta. Tukifika pale, nachukua naenda."

Nikavaa, nikapanda, nikawasha. Injini iliitika mara moja. Pasta alishatangulia barabarani, Lornah nyuma yake, wakinisubiri. Lori likapita kwa kasi likitikisa vibanda, nikawaza gurudumu la mbele likichomoka, nami nikiwa chini ya tairi kama lile. Nikawakumbuka wanangu. Kisian si mbali, lami tupu, lakini mkono ulienda kwenye swichi. Nikazima injini, nikashuka.

Lornah akarudi kwa miguu. "Nini? Mafuta?"

"Siwezi kuiendesha."

"Kwa nini?"

"Nilianguka nayo. Shoku za mbele zilipinda, nikanyoosha tu. Zinaweza kukatika."

Pasta aliinamisha kichwa. Lornah hakupiga kelele, na laiti angepiga.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Na ungeniacha niende nayo mpaka Kigali."

"Hapana, dadangu. Ningekuambia. Nilikuwa natafuta tu namna."

Alinitazama kama wauguzi wanavyomtazama mgonjwa anayedai amemeza dawa.

"Wacha hiyo, Fundi. Umesema kwa sababu ni wewe umepanda."

Akaanza kufungua maboksi yake mwenyewe, hata spana hakuniomba. Mama yake alisimama pale pale, akinitazama, na mimi bado nimevaa helmeti ya mwanawe.